Yakuti wa Sahama

Kwetu Webuye hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza msusi hodari ni nani. Ulikuwa unatazama foleni tu. Kwa Rosebellah, binti wa Mama Roselyne, akina dada walikaa juani tangu asubuhi wakimngoja, huku wasusi wa vibanda vya jirani wakipiga miayo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Havikuvuta nywele, havikuchubua ngozi, na watoto walikuwa wakisinzia mikononi mwake. Hata wale waliomwonea kijicho walikubali kwamba Mungu alipompa mikono ile alikuwa ametulia.

Wimbi la kwenda kazi Saudi lilipokuja, miaka ile kila mtaa ulipokuwa na ajenti wake na kila ajenti na maneno matamu, Rosebellah alimwachia mamake mtoto, Shirleen, akaenda. Alitaka arudi afungue saluni yake, alee binti yake, asimtegemee mwanamume yeyote. Basi. Hakutaka makubwa.

Riyadh aliangukia kwa madam mmoja wa Al-Malqa, kwenye jumba ambalo kulipangusa tu unamaliza siku. Kazi ilikuwa nyingi lakini hakupigwa wala hakunyimwa chakula, na wenzake walimwambia ashukuru. Asubuhi moja, mkataba ukielekea ukingoni, alikuwa akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, madam alipoingia na kikombe chake cha kahawa.

"Rosa," alisema, maana jina zima lilimshinda, "nyanya yangu yuko Jeddah peke yake. Serikali yenu imesimamisha kuleta wasichana, mpya hapatikani. Nenda ukamsaidie kidogo. Nikipata mwingine, halas, tiketi yako hii hapa."

Pasipoti ilikuwa kwenye droo ya madam. Mtu ambaye pasipoti yake iko kwenye droo ya mwingine hajibu "hapana." Rosebellah alifunga mfuko wake.

Aliyempeleka ni Protus, dereva wa nyumba ile, mtu wa Kimilili, mcheshi asiyejua kunyamaza. Njia nzima, jangwa kulia, jangwa kushoto, alikuwa anamtania. "Dada Rose, Jeddah kuna bahari. Bibi akikuchosha unaenda kuogelea."

"Na ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, nimwachie samaki?" Rosebellah akamjibu, wakacheka. Protus naye aliambiwa abaki hukohuko awe anamzungusha bibi hospitali. Hilo lilimpa Rosebellah moyo. Angalau kungekuwa na mtu wa nyumbani.

Nyumba ilikuwa Al-Nuzha, mahali ndege zinapopita chini hadi unahesabu magurudumu. Bibi aliitwa Siti Nuriya. Alikuwa mzee wa kuzeeka kweli, ngozi imelegea kama soksi, ila macho makali. Alikaa kwenye kiti kirefu sebuleni, na nyuma yake ukutani palikuwa na picha kubwa iliyofifia: ngome ya udongo, mwanamume mwenye kilemba na jambia, Mzungu mwenye kaptura, na katikati yao mlingoti wa bendera.

"Unaitwa nani?" aliuliza. Kwa Kiswahili! Kiswahili cha pwani, cha zamani, ambacho Rosebellah hakutarajia kukisikia huko.

"Rosebellah, madam."

"Hilo jina la kopo la sabuni. Hapa utaitwa Yakuti. Nami n'ite Siti."

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe alilijua. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee huanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo jina lake. Maana yake ni kwamba marehemu huyo amekubali kukaa kwake. Jina la mtu usiyemjua haliazimwi kama sweta. Rosebellah alilijua hilo tangu utotoni. Lakini Waarabu walikuwa wakiwabandika wasichana majina kila siku, Rosa, Mariamu, Fatuma, na hakuna aliyekufa. Tiketi ilikuwa karibu. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Siti. Yakuti."

Bibi akatabasamu kama aliyetuliwa mzigo.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kupika kidogo, kufua kidogo, na kila jioni kukanda miguu ya Siti huku akisimuliwa habari za nchi yake. Kwa sababu Siti, jamani, alikuwa binti wa sultani. Nchi yenyewe iliitwa Sahama, huko kusini kabisa, upande wa Aden: bonde moja la mitende, visima vichache na ngome moja, basi. Lakini babake alijiona mfalme wa dunia. Waingereza walipokuja na mkataba wao wa himaya alitia muhuri hata bila kusomewa, maana walimletea bunduki, saa ya mnyororo, na haki ya kupigiwa mizinga mitano ya heshima akitembelea Aden. Kisha akasikia kwamba sultani wa bonde la pili anapigiwa tisa. Alilia, Siti alisema. Babake mzima alijifungia chumbani akalia kwa sababu ya mizinga.

"Na Wazungu waliwatawala vipi?" Rosebellah aliuliza.

"Watutawale sisi? Afisa alikuja mara moja kwa mwaka, akala, akapigwa picha, akaenda zake. Mkataba ulisema barabara na vita ni vyao. Mambo ya ndani ya nyumba ni ya sultani."

Na ndani ya nyumba kulikuwa na watumwa. Siti alilitamka neno hilo kama mtu anayesema "vijiko." Walikuwepo wa kuchota maji, wa kushika upepeo, na mmoja wa kumlea yeye, aliyeletwa mdogo kutoka pwani ya Afrika. Ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Alimnyonyesha, akamsuka nywele, akamwimbia. Akaitwa Yakuti.

Mikono ya Rosebellah ilisimama juu ya mguu wa bibi.

"Kanda," Siti alisema.

Sasa, kwetu mambo ya kutisha huogopewa usiku. Jeddah usiku watu wako macho, madukani, barazani, watoto wanapiga mpira. Ni mchana ndio hufa. Baada ya adhuhuri watu wanakula, wanavuta mapazia, wanalala. Barabara inabaki nyeupe kwa jua, hakuna hata paka. Ndani unasikia mashine ya kupoza hewa tu.

Siku moja saa hiyo Rosebellah alikuwa amejinyoosha chumbani kwake, karibu na jikoni, aliposikia kitu kikipapasa ukuta wa korido. Polepole. Hakikuwa kiatu, hakikuwa ufagio. Ilikuwa nyama juu ya rangi, inateleza, inasimama, inateleza tena. Ikafika mlangoni. Mlango ukapigwa, lakini si kwa vifundo vya vidole. Lilikuwa kofi butu.

"Yakuti?"

Sauti ya mwanamke. Iliuliza, haikuita. Kama mtu anayetafuta nyumba na hana hakika.

"Naam, Siti," Rosebellah alijibu, akaamka, akafungua.

Korido ilikuwa tupu. Alikwenda hadi chumba cha bibi akamkuta amelala chali, anakoroma.

Kesho yake alikuwa akiinua kifuniko cha sufuria aliposikia harufu ya nyama inayoungua. Aligeuka huku na huku kutafuta kilichoungua. Kilikuwa kidole chake kidogo, kimegandamana na chuma. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Alikivuta, akakifinya, akakiuma. Kilikuwa baridi na cheupe kwenye ncha. Jioni akikanda unga, kucha yake ilibaki ndani ya donge, safi, bila damu.

Mchana uliofuata kitu kilirudi. Papasa. Papasa. Kofi.

"Yakuti?"

Safari hii aliziba mdomo kwa mto. Haikusaidia. Jina lilikuwa limeshaitikiwa. Alipoamka, kidole cha pili kilikuwa kimekufa.

Kila mchana kikafa kingine, hadi alipomwonyesha Protus kwenye chumba chake cha getini. Protus alivigeuza vile vidole, akavipuliza, akavisugua. Utani ulimwisha. "Dada, hii si ugonjwa," alinong'ona. "Juzi nilipanda darini kurekebisha dishi. Ule mlingoti wa dishi una alama. Viganja, dada. Viganja vya mtu, vimejaa mlingoti mzima. Lakini havina vidole."

Jioni ile Rosebellah hakukanda miguu. Alisimama mbele ya kiti, akainua mikono yake. Vidole vya mkono wa kushoto vilining'inia vyote, na wa kulia ulikuwa umeanza.

"Siti, Yakuti alifanywa nini?"

Bibi alivitazama vidole kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua nyama buchani. Kisha akaeleza, bila haya, bila haraka.

Watumwa walikuwa wamesikia kwamba mahali fulani, ukikimbilia mlingoti wa bendera ya Mwingereza ukaukumbatia, unakuwa huru. Afisa alipokuja Sahama na kusimamisha bendera yake uani, Yakuti alingoja mchana watu walale. Akakimbia. Aliyemwona ni Nuriya, mtoto mdogo aliyemlea. Nuriya akaenda kumwambia babake, maana alitaka yaya wake arudi amalizie kumsuka.

Sultani na afisa walikuwa mezani. Yakuti alikuwa ameushika mlingoti, analia, anamwita Mzungu kwa lugha ambayo Mzungu haijui. Afisa alifuta mdomo. Alisema mkataba ni mkataba, mambo ya ndani ya nyumba si yake. Akaendelea kula.

"Walimvuta, hakuachia," Siti alisema. "Wakampiga, hakuachia. Baba alikuwa na aibu mbele ya mgeni. Akaagiza shoka dogo la kuchanjia kuni."

Rosebellah aliketi chini bila kuambiwa.

"Alikufa siku ileile. Na tangu hapo anatafuta vidole vyake. Babangu alikutwa asubuhi hana hata kimoja. Kakangu vilevile, hapa hapa Jeddah, tulipofukuzwa kule. Zamu yangu ikaja. Lakini mimi nina akili." Bibi aligonga paji la uso wake. "Haoni vizuri, maskini. Huuliza jina. Akipata Yakuti mwenye vidole, huchukua vya Yakuti. Wote waliokutangulia niliwarudisha makwao kabla hajamaliza. Kidole kimoja, viwili, si neno, mtu anaishi. Wewe bahati yako mbaya, mjukuu wangu kachelewa kuniletea mwingine."

"Mimi nasuka nywele," Rosebellah alisema. "Siti, mimi nina mtoto. Hii mikono ndiyo shamba langu."

"Basi mwombe Mungu msichana aje upesi. Nenda kanitilie chai."

Asubuhi Protus hakungoja kuombwa mara ya pili. Alimtia garini wakaenda Balad, kwenye zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, ambako kampuni iliyomleta ilikuwa na ofisi ghorofani juu ya maduka ya vitambaa. Aliyekaa pale ni Mkenya, Julius, wa suti na manukato. Rosebellah alianza kulia kwa furaha kusikia "Habari yako, dada." Akasimulia yote. Akaweka mikono mezani.

Julius alikuwa anakula mandazi. Alivitazama vidole, akavuta sahani yake kando kidogo.

"Sista, hiyo ni allergy ya sabuni. Mambo ya majini peleka kwa pastor. Sisi kazi yetu ni viza na ndege. Ndani ya nyumba za watu hatuingii, mkataba ndivyo unavyosema." Akafuta mdomo, akachukua simu, akampigia madam Riyadh.

Protus alimwambia neno baya la Kibukusu ambalo siwezi kulirudia hapa. Halikusaidia. Alikuja mlinzi, akaja na mtu wa pili, na Rosebellah akajikuta ameushikilia mlango wa chuma wa ngazi kwa vile vidole vichache vilivyobaki hai. Alipiga kelele hadi wauza vitambaa wakatoka nje. "Msinirudishe! Julius, wewe ni mtu wa kwetu! Msinirudishe!" Adui ya mtu ni mtu. Walimbandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyombandua mtoto kwenye nguo ya mamake.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri wale watu wawili walipowarudisha Al-Nuzha. Siti alimfungia chumbani kwa ufunguo. Protus alifungiwa nje ya geti, akabaki juani anaita.

Watu wakala. Mapazia yakavutwa. Barabara ikafa.

Rosebellah alikaa kitandani. Papasa ikaja. Haikuuliza kitu. Aliona vidole vyake vya mwisho vikijikunja, vikinyooka, vikitulia. Kimoja. Kingine. Dole gumba ndilo lilichelewa. Nalo likalala.

Kimya.

Kisha akasikia kitu kingine koridoni. Hakikuwa nyama juu ya rangi tena. Zilikuwa ncha za vidole. Zilicheza ukutani, zikagonga, zikarudi, zikagonga, kama za msichana anayejaribu pete mpya. Vidole kumi. Vyepesi.

Vilipita mlango wake bila kusimama.

Vikaelekea chumba cha bibi.

"Yakuti?" Siti aliita kutoka ndani. "Yakuti, ndiwe?" Sauti ilikuwa yake, ya kizee. Halafu ikageuka. Ikawa nyembamba, ya mtoto aliyeamshwa usingizini. "Yaya. Si mimi niliyesema. Yaya, wallahi si mimi."

Baada ya hapo ilisikika mashine ya kupoza hewa peke yake.

Polisi walipokuja walikuta shingo ya bibi ina alama kumi, zimezama hadi mfupani. Wakamgeukia Rosebellah, nani mwingine? Alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa marehemu, lakini wakamgeukia yeye. Ofisa mmoja akampa gilasi ya maji aishike. Ilianguka. Akampa kalamu. Ikaanguka. Wakatazamana. Familia ikazika haraka na hakuna aliyetaka maneno. Madam alileta pasipoti mwenyewe kutoka Riyadh, akaitia kwenye mfuko wa Rosebellah kwa sababu mikononi isingekaa, na hakumtazama usoni.

Nyumbani alipokewa kwa vilio. Hospitali walisema ni mishipa. Mama Roselyne alimlisha kwa kijiko, akamfunga nguo, akamfunga kiatu, na Shirleen akajifunza kumpangusa mamake pua. Wateja wa zamani walikuja, wakatazama ile mikono iliyolala mapajani kama glavu, wakaondoka wakilia njiani. Hata hivyo Rosebellah alisema afadhali. Alikuwa amerudi. Mtoto wake alikuwa mbele ya macho yake. Vidole si roho.

Siku moja, jua la mchana limechoma mabati na kuku wamejificha chini ya ghala, alikuwa amekaa kwenye mkeka nje. Shirleen alikuwa akiruka bladda, ile kamba ya mpira, peke yake, ameifunga kwenye viti viwili. Akasimama katikati ya kuruka. Akainua kichwa kuelekea mashamba ya miwa, kama mtoto aliyesikia anatafutwa.

"Naam," alisema.

Watoto wa kwetu hawaitiki hivyo. Hakuna aliyemfundisha.

"Shirleen," Rosebellah aliita. "Njoo hapa."

Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea.

Rosebellah alimrukia. Alimfikia, alimzungushia mikono, vidole vyake vilimgusa kwenye gauni. Havikushika. Mtoto aliteleza katikati ya mikono ya mamake kama kipande cha sabuni, akaingia kwenye miwa. Mamake akamkimbilia, akaanguka. Miwa ikajifunga.

Kijiji kizima kilitoka na mapanga. Walimkuta jua likiwa limeshapoa, katikati ya shamba, ameketi ametulia, hana hata mkwaruzo. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa upya. Mistari ilikuwa myembamba, imenyooka, mtindo usiojulikana kwetu, na nywele zilinuka ubani.

"Ni nani amekusuka?" Mama Roselyne aliuliza.

"Yaya. Yeye haumizi," mtoto alisema. "Amesema kesho atamalizia."

Walimvua gauni, jeupe la Jumapili. Mabegani kulikuwa na madoa ya mafuta, kumi, yamejipanga pale mtu anapomshika mtoto ili atulie. Mama Roselyne alilichukua mbio akaliloweka kwenye karai, akatafuta sabuni.

Rosebellah alipiga magoti kando ya karai. Aliinama hadi uso wake ukakaribia maji.

"Usifue kwanza, mama," alisema. "Hivyo ni vidole vyangu."